Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu.

Mgeni Rasmi, mtu akizidisha pombe watu husema ini lake litaharibika. Utumbo mpana hautajwi. Sisi tumeona tuutaje leo, maana pombe huweza kuuletea saratani, na madhara huanza seli zikiwa bado zinaonekana nzima na mnywaji hana maumivu yoyote.

Mwili hukigeuza kilevi kuwa sumu iitwayo asetaldehidi. Ini lina uwezo mkubwa wa kuiondoa, lakini utumbo mpana uwezo huo ni mdogo, na bakteria waishio humo nao huitengeneza. Sumu hiyo hung'ang'ania vinasaba na kuzuia visirekebishwe. Ukuta wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, hivyo seli zake hugawanyika mfululizo, na hitilafu isiyorekebishwa hurithiwa na seli mpya. Pombe pia hupunguza foleti, ile vitamini ya kwenye mchicha na maharage, ambayo seli huitegemea kunakili vinasaba sawasawa. Mwisho huweza kuota kinyama, na kinyama hicho huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani. Miaka yote hiyo mtu anajiona mzima!

Hatusemi kila anayekunywa ataugua. Ila hatari hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, iwe bia, mbege au gongo. Tangu 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka pombe katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiasi kisicho na madhara.

Kinachotuumiza zaidi ni haya. Mzee anaona damu chooni, anaambiwa ni bawasiri, ananunua dawa ya mizizi mnadani na kunyamaza. Tunakuomba, Mganga Mkuu, kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo kipatikane hadi kituo cha afya cha kata, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize habari za choo bila haya. Wanachama wetu wako tayari kufuatana nao nyumba kwa nyumba wakati wa likizo.

Tunaomba pia kilabu cha pombe kilicho nyuma ya uzio wetu kihamishwe. Harufu yake hutufikia madarasani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.