Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lebo za Buibui wa Mlango

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu imekuwa kabati la vielelezo, na uamuzi wetu ni huu: kila lebo yenye jina la familia ya Ctenizidae inatolewa. Zamani jina hilo lilibeba karibu kila buibui anayefunika shimo lake kwa mlango. Mwaka 1985 mtaalamu wa buibui Raven aliipandisha Idiopidae kuwa familia kamili. 2018 ikatengwa familia ya Halonoproctidae. 2020 jenasi Stasimopus ya Afrika Kusini ikapewa familia yake. Ctenizidae imebakiwa na jenasi mbili tu, Cteniza na Cyrtocarenum, zote za ukanda wa Mediterania. Buibui wa Rungwe au Mufindi hawezi kuwemo humo.

Naomba sana tusitaje familia kwa kutazama mlango. Unene wa kifuniko hufanana hata kwa koo zilizo mbali kinasaba. Tazameni mwili chini ya hadubini. Wa Idiopidae ana macho mawili yaliyosogea hadi ukingo wa mbele, mbali na sita yaliyobaki, na tayani ana safu ya miiba ya kuchimbia. Moggridgea, jenasi ya familia ya Migidae, hana miiba hiyo. Wengi wa jenasi yake hujenga mfuko kwenye gome la mti au ukuta wa udongo. Ancylotrypa, jenasi nyingine, ana miiba, ila macho yake manane yamekaa pamoja.

Spishi ni jambo jingine. Bila dume mkomavu, ambaye kiungo cha kupandia kilicho kwenye vipapasio vyake ndicho kinachotofautisha, andikeni "Idiops sp." (yaani jenasi Idiops ya Idiopidae, spishi haijulikani) na muishie hapo. Majike hukaa shimoni, madume hutangatanga. Ndiyo maana wataalamu wamewahi kuwapa jinsia mbili za spishi moja majina mawili, kisha likabaki lile la zamani zaidi.

Uchimbaji: ingizeni kwanza bua la nyasi shimoni, udongo ukiporomoka mtaijua njia. Mguu mmoja wa jozi ya tatu uwekwe kwenye ethanoli ya 96% kwa ajili ya DNA, mwili kwenye 75%. Ethanoli ibadilishwe kesho yake, maana maji ya mwilini huizimua na kielelezo huoza tumboni. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa: mahali, mwinuko, tarehe, mkusanyaji. Wino wa biki huyeyuka.

Mvua za Novemba zikianza, wekeni makopo ya kutegea madume karibu na mashimo mnayoyajua, na myakague kila asubuhi. Kibali cha utafiti kiwe mkononi kabla ya kopo la kwanza kufukiwa.

Mwenyekiti, Mbeya