Mwanangu, mmeandikiana?

Mwanangu mpendwa,

Mdogo wako amenifikishia salamu zako, pamoja na habari kwamba barua ya kuacha kazi umeshaipeleka na mwisho wa mwezi unahama Dar kwenda Soni, kule Lushoto, kufungua nyumba ya wageni na wenzako wawili. Sikuulizi kwa nini. Ulinieleza kwenye simu, nikakusikia. Nina swali moja tu, na naliandika kwa sababu kwenye simu unalikwepa: nyie watatu mmeandikiana mkataba?

Nyumba ya wageni yenyewe siiogopi. Ukiisimamia wewe, shuka zitakuwa safi na hesabu zitafungwa kila usiku, hilo naliapia. Yule mwenzenu wa jikoni nimekula chakula chake, anajua kupika. Na nyumba niliiona tulipokwenda msibani Bumbuli: kuta za mawe, baraza linatazama bondeni, bati limeanza kula kutu upande mmoja. Ni nzuri. Ila ni ya baba mdogo wa yule mwenzenu mwingine. Mtaweka vyoo vya ndani, mtafunga hita, maana Juni na Julai kule mgeni wa Dar haogi maji ya bomba, mtaezeka upya, mtachimba shimo la maji taka. Vitu hivyo having'oki. Siku mzee akibadili mawazo, au akifariki watoto wake wakaja na yao, mtaondoka na nini? Magodoro? Mwambieni awape mkataba wa pango wenye miaka na wenye kueleza fidia ya mtakachojenga. Na kama eneo ni la kijiji, muulizeni hatimiliki yake ya kimila iko wapi kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Usinijibu kwamba hao ni marafiki zako tangu chuo. Najua, ndiyo maana nauliza. Mtu baki ungemsainisha siku ya kwanza na usingeona haya.

Umefanya kazi ya mikopo benki miaka yote hii. Wateja unawaambia kwamba wakisajili jina la biashara tu wakaendesha kwa ubia, deni linawafuata hadi kwenye mali zao wenyewe, na mbia mmoja akikopa kwa ajili ya biashara, wote wamekopa. Unawaambia wafungue kampuni BRELA, kwa msajili wa biashara, kila mtu hisa zake zijulikane. Kwa nini maneno hayo hayo yakifika kwako yanakuwa ya kukosa imani? Hapo, mwanangu, hukunifurahisha.

Andikeni nani ametoa shilingi ngapi. Nani analipwa mshahara na nani anangoja faida. Anayetaka kutoka, kwa kuolewa, kwa kuugua au kwa kuchoka tu, atarudishiwa chake vipi na kwa muda gani. Habari ya fuso la baba yako na mwenzake sirudii, unaijua mpaka mwisho wake. Ninachoongeza ni kwamba yeye alitaka waende kwa wakili, na aliyesema karatasi ni za watu wasioaminiana hakuwa yeye.

Vyumba vikijaa hakuna anayeuliza nani alitoa ngapi. Desemba mtacheka. Ngojeni masika, udongo umeporomoka barabara ya Mombo, wageni wamepiga simu kuahirisha, na msichana wa usafi anadai mshahara wake. Hapo ndipo kila mmoja anapoanza kukumbuka alichotoa. Na wewe ndiye uliyenisomea kwamba watalii kutoka nje walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi laki sita na kitu mwaka 2020, mwaka wa korona. Ugonjwa ule haukupiga hodi. Mkiwa na maandishi mtabanana pamoja, msipokuwa nayo mtalaumiana.

NSSF, ule mfuko wa pensheni, usiache kuchangia, waliojiajiri nao wanapokelewa. Kadi yangu ya bima najua itakoma pamoja na ajira yako, dada wa dirishani hospitalini alinieleza. Usilale macho kwa hilo. Dawa ya presha ya macho nimeshanunua ya kunitosha kwa sasa, na kuku wanataga vizuri.

Shangazi yako anasema mtu aliyeacha mshahara wa benki amerogwa. Nimemjibu kwamba katika ukoo wetu wote hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na nyumba ya biashara kwa jina lake, na wewe ndiye utakayeanza. Sikumwambia kwamba jina lako bado halipo popote.

Ukija huku usipitilize Mombo, shuka Korogwe kwanza. Nimetoa mablanketi manne kabatini, mazito, na yale masufuria makubwa ya shughuli uyachukue, hapa yananila nafasi tu. Ada ya mdogo wako muhula huu nimemaliza. Fundi anasema kwa upepo wa kule msikubali bati za geji 30, chukueni 28, hata kama bei inauma.

Na huo mkataba uje na nakala yake niusome. Kama haupo, njoo na wenzako wote wawili. Nitapika, mtalala hapa, na mtauandika mezani kwangu kabla hamjapanda basi.

Mama yako