Tuchangie moto wa Juni, tuepuke wa Oktoba

Assalaam alaykum, ndugu zetu wa hapa kijijini na mliotawanyika Dar es Salaam, Mtwara hadi Muscat. Shikamooni wazee.

Tunaomba mchango ili tukachome msitu. Tunajua inavyosikika. Tangu shule tumeambiwa moto ni adui wa msitu, na kamati hii hii ya maliasili ndiyo iliyopigilia vibao vya makatazo njiani. Basi tusikilizeni kidogo kabla hamjampigia simu mwenyekiti.

Oktoba iliyopita moto uliingia saa nane mchana, upepo mkali, nyasi kavu zimefika kifuani. Tuliukabili kwa matawi mabichi, wengine wamevaa kandambili. Ulitushinda; ulizimika wenyewe kesho yake ulipofika mtoni. Mizinga 11 ya nyuki iliteketea. Kilichouma zaidi ni mpingo mmoja kati ya ile tuliyoitia rangi kwa ajili ya mavuno. Ulikuwa na kovu la zamani ubavuni, moto ukapenyea hapo, ukala moyo wa mti. Leo ni bomba tupu, unatumbukiza mkono hadi begani. Na mpingo haukui kama mkorosho: aliyeuona ukichipua ni babu, atakayeuvuna ni mjukuu.

Wazee wetu hawakuziacha nyasi zote zile zisubiri Oktoba. Masika yakiisha walichoma vipande vipande, hapa mwaka huu, pale mwakani. Mzee anayetufundisha hatazami kalenda. Anang'oa fungu la nyasi, analikunja. Likikunjika kimya, moto utatambaa chini kwa chini. Likivunjika kwa mlio, kiberiti kinarudi mfukoni. Tena huwasha jioni, ili umande wa usiku umalizie kazi.

Kuna faida nyingine, ya hewa. Nyasi zikiungua, hewa ya ukaa inayotoka hunyonywa tena zinapoota upya. Lakini moto hutoa pia methani na oksidi ya naitrasi, na hizo majani hayazinyonyi. Kwa uzito ule ule, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa, na hiyo nyingine zaidi ya mara 250. Moto wa mapema huacha mabaka mengi mazima, hauli magogo mengi wala kuua miche mingi. Kinachoungua ni kidogo, gesi nazo kidogo.

Wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, wamelithibitisha hili. Watu walipoondoka kwenye nyanda zao, moto wa mwisho wa kiangazi ulitawala. Wazee wakadai kurudi na kuchoma kama zamani, na mwaka 2006 kiwanda cha gesi cha Darwin kilianza kuwalipa, kwa mkataba wa miaka 17, wapunguze kila mwaka gesi hizo kwa kiasi kinachopasha joto sawa na tani 100,000 za hewa ya ukaa katika eneo la kilomita za mraba 28,000 hivi. Wao wana helikopta, sisi tuna baiskeli. Hatumwahidi mtu malipo ya namna hiyo, yanayoitwa fedha za kaboni. Hatujafika huko, na anayewaambia zipo njiani msimwamini. Tunataka kwanza msitu wa kijiji usiungue.

Mahitaji yetu ni shilingi 2,300,000. Buti jozi 20 ni 500,000, pampu sita za kubeba mgongoni 360,000, mafuta ya pikipiki ya doria 240,000. Fungu kubwa, 1,200,000, ni chakula cha watu 20 kwa siku 12. Tusidanganyane, mtu hawezi kushinda porini na fimbo ya kupigia moto akiwa na njaa. Mkutano wa kijiji umeshachanga 640,000, bado 1,660,000. Kibali cha kuchoma tutakiomba kama Sheria ya Misitu inavyotaka, na hakuna njiti itakayowashwa kabla hakijatoka.

Michango apewe mweka hazina wa kamati, kwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tunahitaji kufunga mchango kabla ya mwisho wa Mei. Asiye na fedha alete mihogo, maharage au madumu ya maji. Buti zilizovaliwa tunapokea, mradi soli haijaachia. Namba kubwa zimeshapatikana. Tunazokosa ni 39 na 40, maana kina mama nao wamejiandikisha, saba mpaka jana.