Shukrani kwa mama wa kwenye basi la Moshi

Mama yangu, jina sikukuuliza nawe hukulitaja. Tulikaa siti za jirani kutoka Moshi mpaka uliposhuka Chalinze, kitabu chako cha nyimbo kikiwa kwenye mkoba na jalada lake limeungwaungwa kwa selotepu. Asante sana.

Uliniambia ibada ya nyumbani isiwe ndefu. Watoto wachoke kwa kucheza, si kwa kusali, ulisema huku ukimenya chungwa pale Korogwe. Ukanielekeza kitabu cha Mithali: kina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo, na ukiruka siku hupotei. Usiku ambao wote mmechoka, someni Zaburi ya 117, aya 2 tu. Ile ya 119, yenye aya 176, ukasema isubiri kwanza, ukacheka mwenyewe.

Tunafanya hivyo, mama. Ni baada ya kula, kabla vyombo havijaondolewa, maana wakishanyanyuka nani atawarudisha? Kitinda mimba, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, hufuata mstari kwa kidole chenye mafuta ya samaki. Mithali yetu sasa inanukia jikoni. Na baba yao, aliyeshikilia kwamba kusali na watoto ni kazi ya mama, siku hizi ndiye anayeuliza, "Leo tarehe ngapi?"

Bwana akubariki, wewe na wajukuu uliokuwa unawapelekea yale maparachichi.