Moyo ni ule ule, shoga

Muhimbili, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salaam nyingi. Wazima huko Mtwara? Baba Zuhura hajambo? Mimi namshukuru Mungu, napumua. Nimekaa kimya mno, najua, lakini leo imenibidi niandike maana nasikia Mama Kibonge kakupigia simu akakwambia nimetolewa moyo nikatiwa wa marehemu. Yule mwanamke! Moyo ni ule ule uliohangaika na kina Shabani wote wale. Kilichobadilishwa ni valvu moja ya upande wa kushoto, yaani kilango cha kupitisha damu moyoni, nimewekewa ya bandia, na usiku wodi ikitulia inasikika: tik, tik, tik. Bibi wa kitanda cha pili aliniuliza hiyo saa nimeificha wapi.

Ile pumu niliyotibiwa miaka yote kwenye zahanati moja (siitaji, unaijua) haikuwa pumu. Chanzo, daktari anasema, ni mafindofindo ya utotoni. Si unakumbuka tulivyokuwa tunasukutua maji ya chumvi, tunarudi kucheza rede? Kumbe yasipotibiwa vizuri huweza kuleta homa ya viungo, na homa ile ikaharibu valvu polepole, mtu mwenyewe huna habari. Nitarudi hapo, nina neno na wewe.

Ngoja kwanza nikusimulie manesi. Wa kwanza nilimwona macho tu, kavaa barakoa. Nimezinduka ICU, mpira kooni, mikono imefungwa nisijichomoe, siwezi kusema. Akaniinamia: “Mama, umeshatoka. Usiseme, nibane mkono.” Nikambana hadi akacheka. Sura yake siijui mpaka leo.

Halafu kuna mtani wangu, Mnyamwezi wa Urambo. Siku ya kulazwa alisoma kadi yangu, akaangua kicheko: “Mzaramo wa Kisarawe! Ukifa, hizo kanga zangu.” Shangazi naye akamjibu papo hapo kwamba yeye akitangulia tunachukua viatu. Basi tangu hapo sina raha, na raha yangu ndiyo hiyo. Eti kwa damu niliyoongezwa, Uzaramo wote umeshanitoka, nihesabiwe kwao. Shoga, mfupa wa kidari umepasuliwa ukafungwa kwa waya, na waya zinabaki humo humo. Kucheka ni adhabu. Nimepewa mto wa kukumbatia nikikohoa, mimi naukumbatia kila nikimwona anaingia.

Ananipa na kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu, unavuta hewa ili vipande juu. Cha kwanza kinaruka, cha pili kinatikisika, cha tatu kimegoma. “Kwenye ngoma pumzi haikuishii, hapa ndiyo umechoka?”

Lakini nilichotaka kukuandikia hasa ni usiku mmoja. Yule bibi wa saa, Mungu amrehemu, alifika hospitali moyo umeshachoka sana. Jioni alirudishwa ICU, alfajiri ikajulikana. Mtani wangu ndiye aliyekuja kutandua kitanda. Nikamngojea aseme lolote, maana mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema msibani. Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni wangu, akavua viatu. Miguu imevimba, soksi zimeacha alama. Nikamwambia, “Mnyamwezi, sema neno.” Akasema, “Leo sina.” Akakaa kidogo, akavaa viatu, akanipima presha.

Kesho yake karudi na maneno yake yale yale, anauliza kanga zimefuliwa? Mimi ndiye niliyeshindwa kucheka. Yeye anajua hata nimekwenda haja mara ngapi, mimi ndiyo kwanza nilimuuliza anakaa wapi. Gongo la Mboto. Ana mtoto mdogo anamwacha na dada wa kazi, zamu ikiisha apande daladala, sijui analala saa ngapi. Nikamuuliza na hilo, akasema Wazaramo kwa umbea...

Haya. Warfarini nitakunywa maisha yangu yote, damu isigande kwenye valvu, na kipimo cha INR, cha kuangalia damu inavyoganda, kinatakiwa kicheze kati ya 2.5 na 3.5. Asprini na diklofenaki nisijinunulie kamwe. Kisamvu sikukatazwa, ila nile kwa kiasi kile kile, si leo sufuria zima, wiki ijayo hata jani. Ndoo ya maji marufuku miezi mitatu. Mume wangu anajifunza kuchota. Marehemu mjomba alikuwa akisubiri rufaa ya India kwa maradhi haya haya, mimi nimepanda daladala mpaka hapa. Nikimfikiria yeye nanyamaza.

Sasa wewe. Zuhura bado anaumwa koo kila mara? Ulimpeleka kwa daktari, au ndiyo maji ya chumvi kama sisi? Anamaliza dozi, au akipata nafuu mnaacha? Viungo havimuumi? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Na korosho zimeshaanza huko? Unaweza kunitumia kilo tatu kwa basi, ambazo hazijabanguka vibaya, nizigawe hapa wodini kabla sijaruhusiwa? Moja uifunge peke yake, ni ya Mnyamwezi, na asijue kama nimeagiza, atasema nimeanza kulipa deni la kanga. Na Mama Kibonge utamwambia mwenyewe au nimpigie?

Shoga yako,
Mama Tatu