Boti, barafu na maji ya Blackstone

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia umepata boti ya kukodi kule Whittier, Alaska, ya kwenda kutazama barafu. Bahari unaijua, lakini maji ya kwetu ukianguka unaogelea. Yale ya kule hayakupi nafasi hiyo. Wanaofundisha uokoaji wana hesabu fupi: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inashika, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe kuanzia gatini, lisikae chini ya kiti.

Nenda Blackstone Bay, ghuba ambayo mito ya barafu inaishia baharini kama kuta. Barry Arm, mkono mwingine wa bahari huko, achana nako, hata kukisifiwa vipi: ubavu wa mlima umelegea pale, na tangu 2020 wataalamu wameonya kwamba ukiporomoka utazusha tsunami. Jambo hilo limeshatokea Tracy Arm, kusini mwa Juneau, hukohuko Alaska, tarehe 10 Agosti 2025.

Kwenda na kurudi weka hesabu ya maili 40 za baharini. Boti ya mita 7 yenye mashine ya nguvu-farasi (HP) 115, ikienda noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, hunywa kama lita 25 kwa saa. Basi 50 za njiani, na 10 za kuzungukazunguka penye barafu. Hizo 60 ziwe theluthi mbili tu ya mafuta uliyobeba. Yaani beba 90.

Vipande vikubwa vyeupe utaviona mapema. Kinachovunja rafadha, yaani panga la mashine, ni barafu angavu kama kioo, ambayo majini huonekana nyeusi, inachungulia kiasi cha kiganja na sehemu kubwa imezama. Mweke mtu omo, yaani mbele ya boti, shuka hadi noti 3 au 4, na kipande kikigonga ubavu toa gia mpaka kipite tezi, yaani nyuma. Tupia jicho maji yanayotoka kwenye tundu la kupozea mashine. Yakipungua, chembe za barafu au tope zimeziba pale mashine inapovutia maji: zima mara moja, inua mashine, safisha. Ukisubiri mpaka ilie king'ora umechelewa.

Ukuta wa barafu usiukaribie zaidi ya nusu maili. Watu huangalia juu tu, kumbe kipande huweza kukatika chini ya maji kikaibuka mbele kabisa ya ukuta bila ishara yoyote. Kikianguka, elekeza omo kwenye wimbi, polepole, ukibaki penye kina. Usikimbilie ufukweni, kwani wimbi hukua linapofika maji mafupi. Na kwa sababu hiyohiyo usimshushe mtu yeyote pwani karibu na ukuta.

Geuka utazame nyuma kila baada ya dakika 15. Upepo baridi hushuka kutoka juu ya barafu, na ukishirikiana na mkondo husukuma vipande vikafunga njia uliyoingilia. Njia ikianza kubana, ondoka, hata kama watu hawajamaliza kupiga picha. Karibu na kisiwa cha Willard kuna fungu, yaani mwinuko chini ya maji, lililoachwa na barafu ya zamani. Pita kwa ramani, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, kumbuka maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 4.

Wanyama wa baharini waitwao sili wakiwa juu ya barafu, hasa Mei na Juni wanaponyonyesha, kaa yadi 500 mbali nao. Wakishtuka hujitosa, na mtoto anaweza kupotezana na mama yake. Tafadhali usiwasogelee.

Redio ya boti (VHF) iwe chaneli 16, ila milima huizuia. Kwa hiyo nahodha avae mwilini kifaa cha dharura cha setilaiti cha 406 MHz. Mtu wa nchi kavu aachiwe njia yenu, idadi yenu, na saa ya kuwapigia Walinzi wa Pwani msipoonekana.

Niandikie ukubwa wa tangi na kama boti ina mashine ya akiba, tupige hesabu upya kabla hujalipa.

Wako akupendaye