Wanaume wa kanisani wasinyamaze katika kikao cha ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaume Wakristo wenzangu kwamba ujasiri tunaohubiriwa kila Jumapili hupimwa hasa matanga yakishaanuliwa, pale mjane anapoelezwa kwamba nyumba na shamba alivyovitafuta pamoja na marehemu vinarudi kwa wakwe.

Wenye kupenda sheria hutaja Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, linalomnyima mjane sehemu ya urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, ingawa mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliitaka Tanzania ifute au irekebishe sheria hizo. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha ndugu wa marehemu apokee shamba hilo.

Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake, waliotaka kumkamata Yesu, swali moja tu, kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yohana 7:51), akajibiwa kwa kejeli kama naye ametoka Galilaya. Kejeli hiyo tunaifahamu: anayemtetea mjane huambiwa ametawaliwa na mkewe, na nadhani wengi wetu tunaiogopa kuliko hukumu ya Mungu. Hata hivyo, mwanamume Mkristo aulize kikaoni: "Wazee wangu, shemeji yetu amesikilizwa?" Akipuuzwa, akatae kutia sahihi muhtasari wa kikao, kwa kuwa ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo wakati wa kuomba usimamizi wa mirathi.

Msomaji wako,
Moshi